Andika Ukiwa Bado Unaigiza

Onyesho likiisha shuleni, kabla hatujapakia mapazia garini, hakosi mwanafunzi wa kutufuata nyuma ya ukumbi na kuuliza: nifanyeje niwe mwigizaji? Siku hizi nami humrudishia swali. Je, unaandika? Wengi hudhani nimewakwepa. Nimeigiza tangu ujana wangu Mombasa, jukwaani kwanza, kwenye televisheni baadaye, na kama kuna jambo ninalotamani ningeliambiwa mapema ni hilo. Usingoje uchoke kuigiza ndipo ushike kalamu.

Sababu ya kwanza ni riziki. Wengi wetu hapa Kenya tumelelewa na vitabu teule, vile vya fasihi vinavyotahiniwa shuleni. Tamthilia ikishawekwa kwenye mtaala, vikundi huikariri na kuizungusha shule baada ya shule, kama tulivyofanya na Kigogo ya Pauline Kea: asubuhi Machakos, alasiri Kitui, usiku mmelala kwenye gari. Lakini ikifika Oktoba watahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, wanadurusu, na hakuna mwalimu mkuu anayetaka maigizo ukumbini. Tangu hapo hadi shule zifunguliwe Januari, simu hailii. Mwigizaji asiyeandika huketi akingoja kuchaguliwa. Mimi nilijifunza kuandika katika miezi hiyo, masikio yakiwa bado yamejaa sauti za ukumbini.

Masikio hayo ndiyo mtaji wako. Ukiusema mstari mmoja mbele ya mamia ya wanafunzi, siku baada ya siku kwa muhula mzima, unajua neno gani linamezwa na kicheko na sentensi ipi inakukata pumzi kabla hujaifikisha. Tena walimu wa Kiswahili hawakuruhusu uongeze lako, maana mtoto anatahiniwa maneno ya kitabu. Makatazo hayo yaliniudhi, kisha yakanifaa. Nililazimika kuuliza kwa nini mwandishi ameliweka neno hili hapa na si pale, na hiyo ni shule ya uandishi ambayo hukuilipia karo.

Kamera ilinifunza somo jingine. Siku ya kwanza nilipaza sauti kama niliyezoea safu ya nyuma, na kinasa sauti kimebandikwa ndani ya shati. Mwongozaji akanisogelea, akanong'ona: "Niambie mimi peke yangu." Sijayasahau maneno hayo. Naandika nayo mpaka leo.

Nitoe mfano. Niliwahi kuandika onyesho la mama aliyegundua kwamba mwanawe ameweka rehani dhahabu zake. Nilimpa ukurasa mzima wa maneno, na nilikuwa nikiuonea fahari. Kwenye mazoezi, mwigizaji mmoja mkongwe akausoma kimya, akaniomba ruhusa, kisha mwana alipoingia yeye akaendelea kukunja leso yake, yaani kanga, na kusema tu: "Chai imo kwenye chupa." Tuliokuwa pale tuliinamisha vichwa. Ukurasa wangu niliufuta siku hiyo hiyo.

Sasa sikiliza, maana hapa wengi huteleza. Onyesho hilo hilo nilipolipeleka jukwaani, lilikufa. Aliyeketi mbali haoni vidole vikikunja leso, wala hasomi jina la leso, yale maneno yaliyochapwa juu yake: Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kamera huisogelea leso ikaisoma yenyewe. Ukumbini lazima awepo mtu wa kuisoma kwa sauti. Nikamwandikia binti mdogo anayejifunza kusoma, akalikokota jina lile silabi kwa silabi huku mama na mwana wamenyamaza. Likafufuka. Kwa hiyo usihamishe skripti ya televisheni kwenda jukwaani kwa kubadilisha jalada tu. Jiulize kila mara: mtazamaji ameketi wapi?

Na usikopeshe midomo ya watu lugha isiyo yao. Linaniuma hili. Wako wanaodhani Kiswahili cha Mvita, yaani cha Mombasa, ni kutupia "yakhe" kila baada ya maneno matatu. Nenda ukakae kibarazani, usikilize bibi anavyomkatalia mtu jambo bila kulitamka "hapana." Sheng, lugha ya vijana wa mijini, vivyo hivyo: kama hukukulia nayo, mpe rasimu kijana wa mtaani akusahihishie, na umlipe.

Tena msemo kwamba anayefanya mengi hafanyi moja usikutishe. Mtazame John Sibi-Okumu: amefundisha Kifaransa, amesoma habari kwenye televisheni, ameigiza jukwaani Nairobi miaka mingi, ameonekana katika The Constant Gardener ya mwaka 2005, na huku ameandika tamthilia kadhaa, mojawapo ikimhusu Bildad Kaggia, mmoja wa wafungwa wa Kapenguria, wapigania uhuru waliofungwa na wakoloni pamoja na Jomo Kenyatta.

Limebaki la mkataba, nami nalieleza kwa uchungu. Prodyuza mmoja aliniagiza vipindi kumi na vitatu kwa maneno ya mdomo na jumbe chache za simu. Nikaandika, nikalipwa mara moja. Vipindi vikarushwa, vikarudiwa, nikavikuta hata ndani ya basi la usiku, bila jina langu. Nilipokwenda kwa wakili ndipo nikajua: kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi uliyoagizwa kuandika huhesabiwa kuwa ya aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kimya changu ndicho kilichompa. Hakimiliki hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada yako. Ni mali ya wanao pia. Basi kabla ya ukurasa wa kwanza, pateni karatasi iliyotiwa saini: nani anamiliki, jina lako litatokea wapi, na kikirudiwa utalipwa nini.

Mwaka uliofuata prodyuza mwingine alikataa masharti hayo. Nilirudi nyumbani na skripti yangu mkobani, na Desemba ile nikaigeuza tamthilia. Ndiyo ile ya mama na dhahabu. Tuliicheza Mombasa, na yule mwigizaji mkongwe ndiye aliyeshika leso.