Kuhesabu Karata Hakumfai Mchezaji wa Jumamosi

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama mchezaji wa kawaida, anayeingia kasino mara mojamoja kwa burudani, anaweza kuishinda meza ya blekijeki, mchezo ambao mchezaji hushindana na mgawaji wa kasino kukaribia 21 bila kuivuka, kwa kuhesabu karata. Jibu langu ni kwamba hawezi, ingawa hesabu yenyewe ni ya kweli kabisa. Yapo hata hivyo mambo mepesi kuliko kuhesabu ambayo yatamwokolea fedha nyingi, na hayo ndiyo ningependa wasomaji wenzangu wa Mombasa wayafahamu. Najua kwamba wengi mjini kwetu huuona mchezo wowote wa dau kuwa haramu, na msimamo huo nauheshimu. Ninayemjibu ni yule aliyekwisha kuamua kukaa mezani, kwa kuwa naye anastahili kuambiwa ukweli kabla hajatia mkono mfukoni.

Kuhesabu karata si uchawi wala wizi. Anayecheza wahedi wa sitini barazani hukumbuka turufu zilizokwisha kutoka, na hakuna anayemlaumu kwa hilo. Katika blekijeki pia karata zilizotoka hazirudi mpaka zichangwe upya, na mwaka 1962 mwanahisabati wa Marekani, Edward Thorp, alichapisha kitabu kilichothibitisha kwamba jambo hilo linaweza kumpa mchezaji faida juu ya kasino. Karata zilizosalia zikiwa na ree nyingi (ree huhesabiwa 1 au 11) na karata nyingi zenye thamani ya 10, yaani 10 zenyewe na za picha, mchezaji hunufaika, kwa sababu ree pamoja na 10 humlipa yeye zaidi ya dau lake ilhali mgawaji akizipata huchukua dau tu, na kwa sababu mgawaji, ambaye analazimika kuongeza karata mpaka afike 17, huvuka 21 mara nyingi zaidi.

Mbinu inayotumika sana, iitwayo Hi-Lo, huongeza moja kwa kila karata ya 2 hadi 6 inayotoka, hupunguza moja kwa kila 10, karata ya picha au ree, na huziacha 7, 8 na 9 bila kuzihesabu; hesabu ikipanda, ree na 10 zilizosalia ni nyingi. Kwa kuwa kila pakiti ina karata 20 za kuongeza na 20 za kupunguza, pakiti ikiisha hesabu lazima irudi sifuri, na hiyo ndiyo njia ya kujipima nyumbani. Mezani kazi ni nzito zaidi, kwa kuwa pakiti huwa ni 6 au 8 na hesabu inabidi igawanywe kwa idadi ya pakiti zinazokadiriwa kusalia. Jumla ya 6, pakiti tatu zikiwa bado hazijagawiwa, ni sawa na 2, na kila moja ya namna hiyo humwongezea mchezaji takriban nusu asilimia. Yote hayo hufanywa kimoyomoyo, huku karata zikigawiwa kwa kasi na watu wakizungumza.

Tuseme msomaji ameyaweza yote hayo. Hata angekuwa na faida ya asilimia moja ya dau katika kila mkono, yaani kila mgao mmoja wa karata, jambo ambalo wahesabuji wenyewe hawalipati ila pale hesabu inapopanda, kupanda na kushuka kwa bahati ni kukubwa kiasi kwamba angehitaji kucheza mikono zaidi ya 13,000 ndipo faida anayoitarajia ilingane na myumbo wa kawaida wa bahati hiyo. Kwa mwendo wa mikono 70 kwa saa, hizo ni takriban saa 190. Mtu anayecheza jioni moja kwa mwezi hana saa hizo, na kwa kawaida hana akiba ya kustahimili hasara zitakazomkuta njiani. Zaidi ya hayo, mhesabuji hupata faida kwa kupandisha dau ghafla hesabu inapopanda, na kasino hulitambua jambo hilo mapema. Ni kweli kwamba mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya jimbo la New Jersey, katika kesi ya Ken Uston, iliamua kwamba kasino za huko haziwezi kumfukuza mtu kwa sababu tu anahesabu; lakini kasino inaweza kuchanga karata mapema, au kutumia mashine inayozichanga mfululizo, ambayo huifanya hesabu yote kuwa kazi bure.

Linalomfaa mchezaji huyu ni jedwali la msingi la uamuzi, linaloonyesha la kufanya kwa kila mkono, ambalo Roger Baldwin na wenzake watatu waliokuwa katika jeshi la Marekani walilikokotoa kwa mashine ndogo za kufanyia hesabu na kulichapisha mwaka 1956. Kiini chake kinajifunzika kwa siku chache. Ukiwa na jumla ya 13 hadi 16 isiyo na ree inayohesabiwa 11, simama, yaani usiongeze karata, ikiwa karata ya wazi ya mgawaji ni 2 hadi 6, na uongeze karata ikiwa anaonyesha 7 au zaidi. Ukiwa na 12, simama anapoonyesha 4, 5 au 6 tu. Usigawanye kamwe karata mbili za 10, wala za 5, yaani usizitenge kuwa mikono miwili kwa kuweka dau la pili. Ree mbili na 8 mbili hugawanywa, isipokuwa katika meza ambazo mgawaji huanza na karata moja tu: hapo, akionyesha ree, usigawanye chochote, na akionyesha 10, usigawanye 8, wala usizidishe dau (kuliongeza maradufu kwa kupewa karata moja tu) ukiwa na 11. Mkono unaowatesa watu kuliko yote ni 16 dhidi ya 10, nao hupoteza zaidi ya mara saba katika kumi ufanye utakalo. Kuongeza karata kunapunguza hasara kidogo sana, basi ongeza na usijilaumu.

Bima, yaani dau la pembeni kwamba mgawaji anayeonyesha ree atapata na 10, ikataeni kabisa. Katika pakiti sita, mgawaji akionyesha ree, karata 311 zilizobaki zina 96 zenye thamani ya 10, ilhali bima inayolipa mbili kwa moja inahitaji theluthi nzima ili isikutie hasara. Kila shilingi 100 ya bima hupoteza kwa wastani shilingi 7.

Anayelifuata jedwali katika meza yenye kanuni nzuri huiachia kasino karibu nusu asilimia, yaani shilingi 250 kwa wastani katika mikono 100 ya shilingi 500. Tatizo ni kwamba meza hazilingani. Ipo inayolipa ree na 10 kwa tatu kwa mbili, ambapo dau la shilingi 500 huleta 750, na ipo inayolipa sita kwa tano, ambapo huleta 600. Mkono huo hutokea takriban mara moja katika mikono 21, kwa hiyo tofauti hiyo pekee humgharimu mchezaji huyohuyo karibu shilingi 700 nyingine katika mikono 100. Malipo hayo kwa kawaida huandikwa juu ya kitambaa cha meza, na anayeingia kasino kule Nyali au penginepo ayasome kabla ya kuvuta kiti. Yakiwa ni sita kwa tano, aende meza nyingine, na isipokuwapo, asicheze blekijeki usiku huo.

Msomaji wenu,
Mombasa