Si lazima miaka 17

Husemwa kwamba matokeo ya utafiti huchukua miaka 17 kufika wodini kwa wagonjwa. Hapana, si lazima; hiyo miaka 17 ni wastani wa makadirio ya zamani tu. Utafiti wa E-MOTIVE kuhusu kuvuja damu baada ya kujifungua, uliofanyika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ulichapishwa Mei 2023. Desemba mwaka huohuo WHO ikapendekeza utaratibu wake. Katika utafiti huo, uvujaji mkubwa na madhara yake vilipungua kwa 60%! Na dawa zenyewe zilikuwepo kitambo. Kilichoongezwa ni mfuko wa plastiki wenye alama za kupimia damu, na matibabu yote kutolewa kwa mpigo, bila kungoja moja lishindwe. Ila pendekezo halimfikishii mkunga mfuko. Lazima uingie kwenye bajeti ya vifaa vya wodi.