Mashine ya oksijeni: lita 5 usiku huenda zinamwumiza baba

Dada, umeuliza kwa nini baba, mwenye ugonjwa sugu wa mapafu, huamka na kichwa kinamgonga ukimpandishia oksijeni hadi lita 5 kwa dakika. Huenda ni hiyo hiyo: ikizidi, kaboni dioksidi hujikusanya mwilini. Wengi wa hali yake hulengewa oksijeni ya damu ya asilimia 88 hadi 92 kwenye kipimo cha kidole. Mrudishe kwenye lita alizoandikiwa, aonwe na daktari leo. Akisinzia ovyo, hospitali mara moja.

Chupa ya unyevu, ile ya maji ambayo oksijeni hupitia, usiitie maji ya kisima, chumvi ya huku Lamu huganda ndani. Tia maji yasiyo na chumvi, yaliyochemshwa yakapoa, ubadilishe kila siku. Umeme ukikatika, mtungi wa oksijeni wa lita 680 uliojaa, kwa lita 2 kwa dakika, hukaa saa tano na nusu hivi. Jiko la mkaa liwe mita 3 mbali na oksijeni, maana huchochea moto.