Maswali na majibu: Weimaraner wangu hachoki, niongeze mbio?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina mbwa dume wa aina ya Weimaraner, miezi kumi, kilo 29. Namfuga ndani kama rafiki wa familia, si wa kuwinda. Kila asubuhi namkimbiza kilomita nane kando ya baiskeli kwenye lami, nampa mlo mmoja mkubwa, halafu naenda kazini. Nikirudi nakuta mlango umekwaruzwa na godoro lake limechanwachanwa. Niongeze mbio? Na ni kweli mbwa wa aina hii huweza kujisokota tumbo?

JIBU: Marahaba. Usiongeze mbio, zipunguze. Ila naanza na swali lako la pili, maana hilo ndilo linaloua.

Ni kweli. Mbwa wakubwa wenye kifua chembamba kilichoshuka chini, na Weimaraner ni mmoja wao, wako katika hatari ya mfuko wa chakula kujaa gesi kisha kujigeuza. Ukishajigeuza, gesi haina pa kutokea na damu haipiti vizuri. Mlo mmoja mkubwa kwa siku huongeza hatari, na kula kwa pupa vilevile. Kwa umri wake mgawie chakula hichohicho mara tatu; akikomaa mara mbili zinatosha. Tumia bakuli lenye vinundu ndani ili asibugie, na liweke sakafuni, si juu ya kigoda. Apumzike kama saa moja kabla na baada ya kula. Ushahidi wa hayo mapumziko si mzito kama ule wa mlo mmoja, lakini hayagharimu kitu.

Siku ukimwona anajikamua kutapika na hakitoki kitu zaidi ya mate au povu, hatulii, mara alale mara ainuke, na tumbo limevimba, usimpe dawa yoyote ya nyumbani wala usingoje kupambazuke. Mpeleke kwa daktari saa hiyohiyo huku mwenzio akipiga simu kwamba mko njiani. Upo pia upasuaji wa kinga, ambapo mfuko wa chakula hushonewa kwenye ukuta wa ndani wa fumbatio. Hauzuii gesi kujaa, lakini hupunguza sana uwezekano wa kujisokota. Kama mna mpango wa kumhasi, muulize daktari wenu kama yote mawili yanaweza kufanyika kwa usingizi mmoja wa dawa. Kwa uzao huu mimi huwa naupendekeza.

Sasa hizo mbio. Mifupa yake bado inakua, na kwa mbwa mkubwa huweza kuendelea kukua hadi mwaka mmoja na nusu. Akifungwa kando ya baiskeli hachagui mwendo wala hasimami anapochoka, na lami haina huruma na viungo. Mwache akimbie mwenyewe kwenye nyasi au udongo, ageuke, anuse, asimame apendavyo. Kamba ndefu itafaa mpaka azoee kurudi akiitwa, kwa sababu ndege mmoja akiruka tu, masikio yake yanafungwa.

Tena mbio peke yake zinamjenga pumzi. Kila wiki unapata mwanariadha bora zaidi, na godoro bado linachanwa. Uzao huu ulianzishwa Ujerumani kwa ajili ya kunusa windo, kusimama kulionyesha na kuliokota, ukishirikiana na mtu. Mtazame akinasa harufu: anaganda, mguu mmoja wa mbele umekunjwa hewani, mkia umenyooka, pua tu ndiyo inayocheza. Kazi hiyo ndiyo inayomchosha. Mwagia sehemu ya chakula chake kwenye nyasi akitafute. Akishaelewa, buruta kipande cha nyama chini, ukifiche mwisho wa njia, kisha umwachie afuate. Robo saa ya hivyo, na wengi wao hulala wenyewe.

Kuhusu mlango, acha simu ikimrekodi unapoondoka. Akianza kulia, kuhema na kukwaruza ndani ya dakika chache tu, hiyo ni hofu ya kuachwa, wala si ukorofi. Weimaraner hujulikana kwa kumganda mtu wake hadi chooni. Usimwadhibu ukirudi, hataunganisha adhabu na mlango. Usimfungie kizimbani pia. Mbwa mwenye hofu huvunja meno na kucha humo. Badala yake mzoeshe kuachwa kidogo kidogo. Chukua funguo, kisha keti. Fungua mlango, ufunge. Toka sekunde chache, urudi kabla hajapaniki, na urefushe muda pole pole. Wakati wa mafunzo haya asiachwe peke yake kupita anavyoweza kuvumilia, hata kama itabidi umwombe jirani au ndugu akae naye. Wiki kadhaa zikipita bila nafuu, mwonyeshe daktari ile video. Zipo dawa za kutuliza hofu zinazosaidia mafunzo yashike, na si aibu kuzitumia.

Alale ndani kama unavyofanya, manyoya yake mafupi hayana tabaka la chini la kumkinga na baridi. Masikio yaliyoning'inia yakague kila wiki: uwekundu, harufu mbaya au kutikisa kichwa mara kwa mara ni sababu ya kumwona daktari.

Na hilo godoro, okota vipande vya sponji uone kama vinatimia. Akianza kutapika, kukataa chakula au kushindwa kupata choo, mwambie daktari kwamba huenda amemeza sponji, maana picha ya eksirei ya kawaida inaweza isiionyeshe.