Usiikate Pambizo ya Stempu

Nilipoanza kukusanya stempu, kila nilipopata karatasi nzima nilishika mkasi na kukata pambizo zote ili stempu zikae vizuri kwenye albamu. Niliziona kama karatasi tupu. Siku moja mkusanyaji mwenzangu akaniomba stempu nne za kona zenye namba ya bamba, yaani namba ya bamba la kuchapia, iliyochapwa pambizoni. Stempu nilikuwa nazo, ila namba ilishakwenda na takataka. Mpaka leo inaniuma.

Pambizo ndiko mchapaji anakoachia alama za kazi yake. Hata Penny Black ya Uingereza, stempu ya gundi ya kwanza duniani, mwaka 1840, ilichapwa pambizoni bei ya stempu moja, ya safu ya 12 na ya karatasi nzima ya 240, pamoja na maelekezo ya kuibandika upande wa kulia, juu ya anwani. Kuanzia 1887 ukaja mstari mnene wa rangi pambizoni, kuzunguka kundi zima la stempu, uliokinga kingo za bamba zisiliwe na rola za wino.

Ninazozipenda zaidi ni namba za silinda za Uingereza. Silinda, yaani rola la kuchapia, moja ilichapa karatasi mbili zilizopakana: ya kushoto namba yake haina nukta, ya kulia ina nukta. Shika lenzi uitafute. Ni kitone kidogo kweli, lakini kinakuambia stempu zako zilitoka upande gani. Vile viduara vya rangi vilivyopangwa pambizoni, ambavyo wakusanyaji huviita taa za kuongozea magari, humwonyesha mchapaji kama kila rangi imechapwa.

Kwenye stempu ya Marekani ya senti 24 ya mwaka 1918, ile yenye ndege iliyopinduka kwa kosa la uchapaji, namba ya buluu 8493 ya pambizoni nayo imepinduka, kwa sababu ni ya bamba lililochapa ndege. Angeikata mtu, ushahidi huo ungepotea.

Kwa hiyo, ukipata karatasi nzima, soma pambizo zote nne kwanza. Za Marekani wengi huhifadhi stempu nne za kona yenye namba. Za silinda za Uingereza, sita. Stempu ikiwa na rangi nyingi, chukua kipande kinachobeba namba zote, hata kikiwa kirefu. Mkasi weka mbali. Kunja kwenye mstari wa vitobo, mbele na nyuma mara kadhaa, kisha achanisha taratibu, na usibandike chochote nyuma ya stempu.