Shangazi, hekima ninayo lakini mdomo unanitangulia

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina mke na mtoto wa miaka 9. Kwa miaka miwili nimekuwa nikiwasoma wanafalsafa wa Ugiriki ya kale, na nimeshika kwamba akili ndiyo itawale moyo. Juzi nikakuta chai imemwagika juu ya karatasi za mtihani wa kidato cha pili. Nilimfokea mwanangu mpaka akatetemeka. Kumbe ni paka! Mke wangu akasema: "Na vitabu vyako vyote hivyo?" Je, kujua hakutoshi? Au niwe kama Wastoa, wale wanafalsafa waliotaka hasira iondolewe moyoni, nisikasirike kabisa?*
*Mwalimu, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Mkeo kanichekesha, unisamehe.

Swali lako liliwatenganisha wakubwa hao wenyewe. Socrates alishikilia kwamba hakuna anayetenda baya huku akijua kweli kuwa ni baya. Ungempelekea kesi ya paka angekwambia hujajua bado, rudi ukasome. Aristotle, aliyekaa miaka kama 20 kwenye chuo cha Plato pale Athens, alijibu kwamba maneno hayo yanapingana na tunayoyaona kila siku. Mtu anajua, na bado anateleza.

Kuhusu hasira ana mfano ambao nikiusoma naona kama alikuwa amekaa sebuleni kwako. Anasema hasira huisikia akili, ila huisikia vibaya, kama mtumishi mwenye pupa anayetoka mbio kabla hujamaliza kumwagiza, kisha akaenda kuharibu. Au kama mbwa: mlango ukigongwa tu anabweka, hajatazama kama ni rafiki. Siku ile akili yako ilisema, "Karatasi zimelowa." Wakati bado inajiandaa kuuliza nani kazilowesha, hasira ilishamfikia mtoto.

(Huyo huyo Aristotle aliandika kwamba akili ya mwanamke ipo ila haina mamlaka. Nyumbani kwako naona ndiyo pekee iliyokuwa kazini.)

Ustoa uache kwanza. Zeno, mwanzilishi wake, alianza kuufundisha baada ya Aristotle kufariki, na Aristotle mwenyewe asingekushauri hivyo. Asiyekasirika hata panapostahili alimwita mpumbavu. Alichotaka ni umkasirikie anayestahili, kwa kiasi chake na kwa wakati wake. Wewe hata paka hukumpata.

Sasa hiyo miaka miwili ya vitabu. Aristotle anasema wanaokimbilia maneno wakidhani yatawafanya wema wanafanana na mgonjwa anayemsikiliza daktari kwa makini, kisha hafanyi hata moja aliloambiwa. Fundi anakuwa fundi kwa kujenga, na mpiga kinubi kwa kupiga kinubi. Upole nao ni kazi ya mikono. Na kwa kuwa wewe umeinamia upande wa ukali, fanya kama wanyooshao mti uliopinda: wanauvuta upande wa pili kupita kiasi. Kwa miezi hii kosea kwa upole. Ukikuta kitu kimeharibika, neno la kwanza liwe "Imekuwaje?", kwa sauti ile ile unayomuulizia jirani habari za safari. Mara kumi za kwanza utajiona unaigiza. Igiza hivyo hivyo.

Mimi hasira zangu zilikuwa za alfajiri. Nilijiwekea sharti: kesi ya nani kaacha geti wazi haianzi mpaka uji uive. Nakoroga kwanza. Siku nyingi uji ukiiva, geti nimeshalisahau.

Barua yako ndefu, lakini hukusema kama umemwomba mtoto radhi. Kamwombe leo, bila habari za Wagiriki: "Nilikufokea, na hukuwa wewe. Nisamehe." Halafu nyamaza, hata kama naye atanyamaza.

Karatasi zianike kivulini, moja moja. Jua kali litazikunja. Wino wa peni ya kawaida hauondoki kirahisi kwa chai, majibu mengi utayasoma tu. Mwanao akitaka kukusaidia kuzigeuza, mwachie.