Binti anakoroma: je, apigwe picha ya koo?

SWALI: Habari yako, Daktari. Binti yangu Akinyi ana miaka 12, tunaishi Nyalenda hapa Kisumu. Meno yake ya juu yametokeza na kidevu kimerudi nyuma. Usiku anakoroma, na asubuhi kumwamsha ni kazi. Tulipoenda kuulizia waya za meno, tuliambiwa apigwe kwanza picha ya pande tatu ili ijulikane kama koo lake ni jembamba. Picha hiyo itatuambia kwa nini anakoroma?
– Mama Akinyi

JIBU: Mama Akinyi, hapana, haitawaambia. Na huko kukoroma kunanitia wasiwasi kuliko meno yenyewe.

Mashine ya picha hiyo huzunguka kichwa mtoto akiwa ameketi au amesimama, na haimalizi dakika. Kompyuta huunda umbo la taya, meno na koo. Hewa hutokea nyeusi, hivyo hupimika: nafasi yote ya njia ya hewa, na pale inapobana zaidi. Eksirei ya kawaida ya ubavuni haioni upana wa kushoto na kulia. Ni kweli pia kwamba wenye kidevu kilichorudi nyuma mara nyingi hukutwa na njia nyembamba, kwa kuwa ulimi umeshikamana na taya la chini na hurudi nalo.

Lakini Akinyi atapigwa picha akiwa macho. Akimeza mate tu, au akiinua kidevu, kipimo kinabadilika. Usiku akilala chali, misuli ya koo inalegea na ulimi unarudi nyuma zaidi; hayo picha haiyaoni. Nimehudumia watoto ambao koo lao lilikuwa jembamba kwenye picha na wanalala vizuri kabisa. Mwaka 2019 chama cha madaktari wa kupanga meno cha Marekani kilisema wazi kwamba picha hizi zisitumiwe kutambua ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini. Kinachoutambua ni kipimo cha usingizi wenyewe, kinachohesabu pumzi inakatika mara ngapi kwa saa.

Kwa mtoto, sababu kubwa ya kukoroma huwa ni tonsili, au nyama zilizovimba nyuma ya pua. Kwa hiyo anza na kliniki ya masikio, pua na koo pale hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, Russia tunavyoiita. Waya zinaweza kungoja.

Mionzi ya picha hiyo ya pande tatu ni pungufu kuliko ya skani kubwa ya hospitali, ila inazidi ya eksirei ndogo ya jino, na mwili wa mtoto huathirika upesi kuliko wetu. Daktari wa meno akiihitaji kwa kazi yake, tuseme kuna jino lililokwama ndani ya mfupa, mkubalie, kisha mwombe asome na koo pia. Kwa ajili ya kukoroma peke yake, mimi nisingemruhusu mwanangu.

Leo usiku mrekodi kwa simu akiwa amelala, kifua na mdomo vionekane. Ukiona kifua kinahangaika na hewa haipiti, kisha anashtuka kwa kuvuta pumzi kwa nguvu, mpeleke kesho asubuhi na umwonyeshe daktari video hiyo.